Rafiki yangu ni binti wa rais aliyeshindwa uchaguzi, nikamwambia asirudi kwao

Wakuu, heshima kwenu. Hiki kisa nimekishuhudia kwa macho yangu hapa Brussels, na hadi sasa kichwa hakijatulia.

Mimi ni wa Tabora, naishi mtaa wa Ganshoren na dada mmoja anaitwa Mere. Kwao ni kisiwa huko Pasifiki, kanchi kadogo kweli, kwenye ramani unaweza kudhani ni uchafu wa kioo.

Baba yake alikuwa rais. Ndiyo, rais, na binti anasafisha vyumba vya hoteli na mimi! Acheni tu.

Juzi Jumamosi alinisindikiza Matonge, mtaa wa Waafrika hapa hapa Brussels, kusuka. Meseji ikaingia kwenye simu yake. Kwao wabunge ndio wanaomchagua rais, na mzee kapigwa chini kwa kura moja. Kura yenyewe ya mdogo wake mzee wa damu!

Mere alikuwa na tiketi ya kwenda kumwona mama yake anayeumwa.

Msusi wetu, Maman Béa wa Lubumbashi, nilipomweleza akaacha kusuka.

"Umuambie asirudie kule! Bon, papa yake si président tena. Batamufunga, quoi!"

Nikamtafsiria, nikaongeza na yangu: avunje safari, Jumatatu twende kwa lawyer wa wakimbizi. Nilikuwa serious kabisa.

Mere akatushangaa. "Wanifunge kwa kosa gani?"

Akapiga video call. Mzee akapokea, jasho linamtoka, kashika godoro. Upande wa pili wa godoro kuna jamaa wa miraba minne. Nikamnong'oneza Mere, "Askari huyo, wanamtoa kwa nguvu!"

Mere akacheka hadi akapaliwa.

Wakuu, yule jamaa ndiye rais mpya! Kaja kumsaidia mwenzake kuhama ikulu. Akasogea kwenye simu: "Mere, unafika lini? Mama yako anakuulizia. Nitakuja kukupokea mwenyewe."

Nikageuka nimtanie Maman Béa, nikakuta analia.

"Miye papa yangu alishindwaka uchaguzi ya ku commune tu," akasema, yaani udiwani. "Mupaka leo sijue kaburi yake."

Nikamsogezea taulo ajifute machozi.

Nilichojifunza: ule ushauri wangu wote ulikuwa woga, mimi nikadhani ni akili. Mere kaondoka jana, begi nimembebea mimi hadi airport.

Haya, uwanja wenu. Mgombea aliyeshindwa mtaani kwenu, mara ya mwisho mlimwona wapi?