Nestori Alikuwa Peke Yake

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa na miaka kumi na saba, tulipotoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwa lori kwenda kucheza na timu ya shule moja kule Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. Wewe, ingawa sikukuzaa, unacheza katikati kama nilivyocheza mimi, ndiyo maana nakusimulia jambo ambalo hata mke wangu nimemficha.

Kocha wetu alikuwa Papa Amuri, mkulima wa mihogo aliyekimbia vita Fizi kama sisi. Alitufundisha kwamba mtu wa katikati hatazami wenzake kwanza, anatazama mabeki. Kabla mpira haujakufikia, geuza shingo. Je, wanakaba mtu kwa mtu, au kila mmoja analinda eneo lake? Beki akimfuata winga wako kila anakokwenda, ujue nyuma yake pameachwa wazi. Akishageuza kiuno, amechagua upande na hawezi kurudi upesi. Nilisoma mabeki vizuri kuliko nilivyosoma vitabu. Sijisifu, maana hilo ndilo linaloniumiza: siku ile sikukosea kwa kutojua.

Mbele yangu walicheza wawili. Kulia alikuwa Bahati, mdogo wangu. Kushoto alikuwa Nestori, Mrundi, mtoto wa mjane aliyelima jirani na shamba letu. Tulikuwa tumesikia kwamba mwalimu wa michezo wa shule ile angemchukua mchezaji wetu mmoja asome bure, na asubuhi mama aliniomba nimsaidie mdogo wangu aonekane.

Zilibaki dakika chache, hakuna aliyefunga, mpira ukanijia. Niligeuza shingo. Mabeki wawili walikuwa wamembana Bahati, mmoja mbele, mwingine akimvizia kwa nyuma. Nestori alikuwa peke yake, mkono juu, na beki wake alikuwa ameshageukia upande wa Bahati. Niliyaona hayo yote kama ninavyokuona wewe. Kisha nikampa Bahati.

Aliruka kuupokea. Wale wawili walimfikia kwa pamoja, na mlio wa mfupa niliusikia kutoka nilipokuwa.

Tulipokuwa tukingoja gari la kumpeleka hospitali, Nestori alikuja akachuchumaa karibu yangu. Hakuwa na hasira.

“Hukuniona?” aliuliza.

“Sikukuona,” nikamjibu.

Alitikisa kichwa taratibu, akaenda kukaa na wengine. Papa Amuri, aliyekuwa ameushika mguu wa Bahati usitikisike, alisikia. Alingoja mpaka tulipofika hospitali ya Mbarara na kubaki wawili nje ya chumba.

“Kukosa pasi ni mambo ya mupira,” alisema. “Lakini ulimuona, na umemuambia kama haukumuona. Sisi batu ba kambi, nani anatuona? Sasa na weye?”

Mguu wa Bahati uliunga vibaya. Mpaka leo hawezi kuinama shambani, na watoto wake humlimia. Mwalimu yule hakumchukua mtu. Nestori aliacha kuja mazoezini. Kila juma nilijiambia nitakwenda kumweleza ukweli, na kila juma nikapata kazi ya kunizuia. Nilipokwenda, nilikuta mlango umefungwa kwa kamba na maharage yao yamekauka shambani bila kuvunwa. Majirani walisema wamerudi Burundi. Nimeuliza kila Mrundi aliyefika Nakivale tangu wakati huo. Hakuna anayemjua. Sijui kama yu hai.

Nimetafuta neno la kukufariji mwishoni hapa, mwanangu, sikulipata. Bahati nilimwambia, akanisamehe zamani, lakini msamaha wake haufuti uongo niliomwambia Nestori.

Basi shika hili. Watazame mabeki, na mpira umpe aliye wazi, hata kama si ndugu yako, hata kama mama yako anatazama. Ukimpa mwingine kwa kupenda kwako, usimwambie aliyekuwa wazi kwamba hukumwona. Mwambie, “Nilikuona, nikakunyima.” Mwambie siku hiyohiyo, kabla hajafika kwao.

Mungu ailinde miguu yako na ya wale unaocheza nao. Akuepushe na mzigo huu wangu, na ukikosea, akupe kumkuta mtu wako bado yupo.