Klia ya Ng'ombe wa Mahari

Mume wangu alikuwa mchoraji wa mabango hapa Tarime mpaka macho yalipoanza kumgomea. Kazi yake ya mwisho aliifanya kwenye pikipiki yangu ya kubebea maziwa, juu ya makava ya plastiki yaliyo chini ya siti: ng'ombe kila upande. Wote ni ng'ombe yule yule, mweupe mwenye mabaka meusi, aliyetangulia kuingia zizini kwa baba yangu siku ya mahari yangu. Siku ile wanaume wote walimsifia yeye. Bibi harusi hakuna aliyemwona. Wanaume wa Kikurya, jamani!

Sasa mume wangu anaona mwanga tu. Petroli nayo ikaanza kudondokea mchoro, na vumbi la Turwa likawa linaukwangua. Nikaona lazima niupige klia, ile rangi angavu ya kukinga, nikaenda Sirari kuitafuta.

"Mathe, chukua hii, iko ngumu kama kioo," muuzaji akaniambia.

"Na plastiki ikipinda?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Klia ngumu kwenye plastiki hupasuka ikabanduka na rangi yake. Nimeolewa na mchoraji, nani anidanganye? Nikachagua ile inayopinda pamoja na plastiki, tena isiyoliwa na petroli.

Hata hivyo niliogopa. Klia nyingine huikunja rangi ya chini kama utando wa maziwa, na huyu ng'ombe hana tena wa kumchora upya. Nikaijaribu kwanza kwenye kipande cha madigadi alichokuwa amefanyia mazoezi ya pembe. Ikakaa vizuri, ikang'aa. Nikampelekea mume wangu mbio.

Akapitisha kidole. Akarudia.

"Pembe iko wapi?"

"Si hiyo hapo, inameremeta!"

"Nasikia utelezi tu."

Nilitaka kulia. Kumbe jioni zote alizochuchumaa kando ya pikipiki, nikimtania kuwa anaipenda kuliko mimi, alikuwa akimtazama ng'ombe wake kwa vidole. Rangi aliipaka nene, na mistari ya brashi ndiyo aliyokuwa akiifuata. Klia ingeijaza yote.

"Paka tu, mama watoto," akasema. "Utakuwa unanieleza alivyo."

Weee! Tulibishana hadi jirani akachungulia. Mwisho nikasema heri nusu shari kuliko shari kamili: upande wa kulia nikaupiga klia, wa kushoto nikauacha.

Wa kulia anang'aa bado. Nikienda kwa dada yangu kule Manchira watu husimama kumtazama. Wa kushoto ameliwa na petroli, na vidole pia. Jana mume wangu alipapasa akakuta plastiki tupu. Mkono ukabaki pale pale.

Nikachuchumaa naye, nikaushika ule mkono, nikauongoza polepole.

"Hapa shingo. Hapa bega. Baka lake hapa."

"Hapana," akasema, akausogeza mkono wangu kidogo. "Hapa."