Pikipiki Yangu Kabla ya Baridi

Shukrani zote ni zake Mola aliyeyapanga majira, akaipa baridi zamu yake na joto zamu yake, nami akanipa umri wa kuyaona yote mawili.

Hapa Harrow, mtaa wetu wa ughaibuni, majirani huniuliza kwa nini kila Novemba naiweka pikipiki, kisha baridi ikiisha naitoa tena, mzee kama mimi. Sababu yangu ni sala. Wakati wa baridi Alfajiri huchelewa kuingia, basi limeshaanza, nami nafika msikitini bila shida. Kiangazi Alfajiri huingia saa tisa za usiku, basi la kwetu bado. Bila pikipiki, sala ya jamaa nitaikosa.

Mwaka jana nilikuwa nimebadilishwa goti la kulia. Binti yangu alikuja Jumamosi moja asubuhi akanikuta uani. Pikipiki nilikwishaiosha na kuikausha, cheni nimeipaka grisi, tangi nimelijaza petroli mpaka juu ili unyevu usipate pa kukaa. Betri ilikuwa jikoni juu ya gazeti, isiharibiwe na baridi, na mke wangu alikwishailalamikia.

"Baba, iuze," binti akasema. Kwa kawaida hunijibu kwa Kiingereza. Akishika Kiswahili najua hatanii.

Mama yake akadakia kutoka dirishani. "Mwache. Goti la chuma na pikipiki ya chuma, tuone kipi kitaota kutu mwanzo."

Ilibaki kazi moja, kuipandisha kwenye stendi kubwa ya katikati, ili tairi zisibebe uzito miezi yote ya baridi. Binti akaitazama stendi, akanitazama goti.

"Ukiipandisha peke yako, sisemi tena. Ukishindwa, Jumatatu naitangaza iuzwe."

"Haya."

Alidhani nitainyanyua. Wasioijua kazi hii huvuta kwa mikono, wakaumia mgongo. Nilishika usukani kwa mkono wa kushoto, chuma cha nyuma ya kiti kwa wa kulia, nikaishusha stendi kwa mguu mpaka ncha zake zote mbili zikagusa saruji. Nikasema Bismillahi, nikaikanyaga kwa uzito wangu wote, kwa mguu ule ule wenye goti jipya.

Ikapanda nusu, ikarudi. Binti akasogea. Nikamwinulia kidole abaki pale pale.

Nikapumzika kidogo, nikakanyaga tena bila haraka, na pikipiki ikapanda juu ya stendi, ikakaa.

Binti aliisukuma kuona kama itatikisika, kisha akashika upande wa pili wa turubai, tukaifunika pamoja.

"Naitoa Machi," nikamwambia.

"Aprili, Baba. Machi barabara bado zinateleza."

Hapo alikuwa na haki, nikakubali Aprili.

Nawe unayesoma, Mola akujaalie viungo vinavyokutii, na watoto wanaokuhangaikia, na subira ya kuwasikiliza. Amin.