Mbegu za Msibani na Orodha Iliyotoka Tupu

Tarehe sita Februari nilimzika mke wangu, Kilosa. Siku tuliyoanua tanga, chama chetu cha wakulima kilileta nyumbani mfuko wa mbegu za mahindi ambao angegawiwa yeye. Ndiyo desturi yetu: mwanachama akifariki kabla ya mgao, fungu lake hupelekwa msibani, shamba lisije likalala. Niliupokea kwa mikono miwili.

Mimi ni karani wa chama hicho. Nimesoma hadi kidato cha nne, na kompyuta nimejifunzia kazini. Machi, masika ikinukia, nilitumwa kwenye ghala letu la Mikumi. Lori lilikuwa limekuja kurudisha Morogoro mbegu zilizobaki, na kazi yangu ilikuwa kuangalia kama kuna mwanachama aliyekosa. Kama hayupo, lori lipakie liende.

Sikuwa na nguvu siku ile. Tangu msiba nilikuwa nalala, naamka nimechoka zaidi. Nilifungua kompyuta, nikaiuliza kanzidata, daftari letu la kompyuta, kwa SQL, ile lugha yake, swali lenye swali jingine ndani. La ndani likusanye namba za uanachama za wote waliokwisha kupata mbegu. La nje lilete kila mwanachama ambaye namba yake haimo humo.

Ikajibu kwamba hayupo hata mmoja.

"Basi wote wamepata," akasema dereva. "Nipakie?"

"Pakia maneno yako kwanza," akamjibu mtunza ghala. Huyu mama alikuwa rafiki wa mke wangu, na mimi huniita shemeji. Akanyoosha kidole kwenye benchi la nje. "Shemeji, na yule mzee je?"

Mzee alikuwa ametoka Kisanga asubuhi ile kwa pikipiki ya kukodi, kufuata mbegu zake. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo mashine yako inaniona mimi hapa?"

"Inakuona, mzee. Inasema umepata."

"Nimepata nini? Jua?"

Dereva akacheka. Mimi sikuweza. Nikaitafuta namba ya mzee peke yake kati ya waliopata: haimo. Nikarudia swali langu la kwanza, la waliokosa: hayumo pia. Hakupata, wala hakukosa. Nikabadilisha alama, badala ya "haimo" nikaweka "si sawa na zote", nikidhani nimekosea kuandika. Tupu vilevile. Dereva akaanza kufungua turubai.

Nikampigia dada mmoja wa Morogoro, ndiye aliyetutengenezea mfumo. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Kaka, kati ya waliopata kuna mstari usio na namba," akasema. "Kompyuta inailinganisha namba ya mzee na kila namba iliyomo. Hii si yake, hii si yake. Ikifika kwenye pengo haiwezi kusema ni yake, haiwezi kusema si yake. Inasema haijui. Na kwa swali lako, 'sijui' moja tu inatosha, haithubutu kumtaja mtu yeyote."

"Pengo si sawa na sifuri?"

"Sifuri ni namba. Pengo ni kutojua. Utafute huo mstari."

Nikauliza mistari isiyo na namba. Ukaja mmoja: mfuko mmoja wa mahindi, na kwenye maelezo imeandikwa *msibani, Kilosa*.

Mtunza ghala alikuwa amesimama nyuma yangu. Akakaa chini juu ya magunia.

"Niliandika mimi, shemeji," akasema taratibu. "Siku ya mgao tunaita watu kwa namba, kwa sauti. Marehemu haitwi. Mkono ulikataa kuiandika namba yake."

Nikamwambia hakuna ubaya. Nilimaanisha hivyo.

Kwenye simu yule dada akauliza ni mstari wa nani. Nikamwambia ni wa mke wangu. Akanipa pole. "Basi njia ni mbili," akasema. "Ongeza sharti kwamba mapengo yarukwe. Au jaza namba yake. Zote zitaleta jibu."

Kumruka kungekuwa rahisi, maneno machache tu mwishoni mwa swali la ndani. Lakini zile mbegu zilitoka kwa haki yake, na nilikuwa nimekwisha kuzipanda. Namba yake naijua kwa moyo. Niliiandika, nikahifadhi, nikauliza upya.

Majina yakaja. Mzee wa Kisanga alikuwemo, na wengine wa Dumila, na wawili watatu wa Mamboya. Nilipitia yote polepole mpaka chini, nikijua simtafuti mtu, huku namtafuta.

"Funika turubai," mtunza ghala akamwambia dereva. "Huondoki na kitu leo."

"Na mafuta niliyochoma?"

"Kadai kwa kompyuta."

Mzee akaweka dole gumba kwenye karatasi ya mapokezi. Dereva, pamoja na kununa kwake, akambebea mfuko mpaka kwenye pikipiki na kuufunga kwa mpira. Mzee akapanda mbele ya mfuko, nyuma ya kijana wa pikipiki, wakaondoka.

Nikaanza kuwapigia waliobaki. Wa kwanza simu yake iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena.