Kiapo cha Mtengeneza Divai

Kijiji kizima cha Kagarama kilijua kwamba Bigirimana hasikii harufu. Ni yeye tu aliyedhani hiyo ni siri yake.

Shangazi Mukunde alinisimulia tukiwa njiani kwenda kwa mzee huyo, Agosti 1991. Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam, nimevuka mpaka kumtembelea. Shangazi na mumewe Gatera walikaa Remera, jirani na baa za Gisimenti zilizokuwa zikinunua divai ya Bigirimana, na waliona haifai nirudi kwetu Bukoba bila kuionja mahali inapotengenezwa.

"Akikuuliza, sema nzuri," shangazi alinionya. "Hapa mtu haambiwi kinywaji chake ni kibaya."

"Hata kikiwa siki?"

"Hasa kikiwa siki."

Kwenye kizuizi cha barabarani, maana ulikuwa wakati wa vita, askari walitazama vitambulisho vyetu sote watatu wakaturuhusu, na shangazi akaendelea pale alipoachia.

Ujanani Bigirimana alichuma kahawa Karagwe, na Kiswahili chake alikileta kutoka huko. Aliporudi alifanya kazi jikoni kwa mapadri, akamwona padri mmoja akigeuza mananasi kuwa divai. Akaiga. Lakini divai iliyompa jina haikutokana na mikono yake peke yake. Yeye alikamua, akachuja, akajaza mapipa. Mkewe Nyirarukundo ndiye aliyeonja. Akisema "bado", pipa halikuguswa. Akisema "sasa", chupa zilioshwa siku hiyo hiyo.

Kisha Nyirarukundo akaokoka, akaingia kwa walokole. Siku ya Pasaka, mbele ya wageni, mumewe alimpa kikombe kama kawaida, naye akakiweka chini. "Mimi nimeokoka, Baba Kaze." Wageni wakacheka. Bigirimana aliona aibu, na kwa hasira akaapa: "Nikikuomba tena unipimie uzuri wa divai yangu, nisimwone Kaze akiolewa." Kaze ni binti yao wa pekee. Wakati ule alikuwa bado shuleni, ndoa yake ilikuwa mbali, na kiapo kilikuwa chepesi mdomoni.

Mwaka uliofuata alishikwa na mafua makali. Mafua yalipoondoka, yaliondoka na pua yake, na ladha mdomoni pia. Na sasa Kaze alikuwa anaolewa, Jumamosi ya wiki ile ile tuliyokwenda.

Bigirimana alitupokea mlangoni mwa ghala, mtu mrefu mwenye vidole vilivyobadilika rangi kwa maji ya matunda. Tulikaa kwenye kreti zilizopinduliwa. Kila alipomimina, alikunywa funda yeye kwanza mbele yetu, maana kwao anayekupa kinywaji hukionja kabla yako. Alifumba macho akimeza. Nilijua haonji kitu, nikashindwa kumtazama.

Ya ndizi ilikuwa tamu, yenye ukali kidogo. Ya pesheni ilikuwa nyepesi. Halafu akafungua pipa la pembeni, akatumiminia divai nyekundu ya matunda damu, yale yanayofanana na nyanya.

"Hii sijawauzia watu wa baa. Hii ni ya Kaze. Wakwe zangu ni watu wa bia, wamezoea kununua. Nataka wajue kuna nyumba inayotengeneza."

Ilinipanda puani kabla sijaimeza. Ilikuwa siki kabisa.

"Nzuri," alisema shangazi.

"Nzuri sana," nikasema.

Gatera aliimaliza yake, akafuta masharubu, akanyoosha glasi aongezwe. Gatera angekunywa hata maji ya kusuuzia chupa.

Ndipo nilipogundua kwamba Bigirimana hakuwa anatazama midomo yetu. Alitazama glasi. Kwa kuwa kila mgeni husema nzuri, alijifunza kusoma kinachobaki. Glasi yangu ilikuwa imejaa, ya shangazi pia. Alizitazama, akazipita, macho yake yakatua kwenye glasi tupu ya Gatera na kukaa hapo.

"Basi ndiyo hii," alisema. "Jumamosi watakunywa hii."

Nyirarukundo aliingia kukusanya vyombo. Aliinua glasi yangu, akasimama nayo kidogo karibu na uso, kisha akaiweka kwenye sinia na kugeuka kuondoka. Mumewe alikuwa amemwona.

"Mama Kaze."

Akasimama bila kugeuka.

"Una neno?"

"Mimi sijaulizwa."

"Unajua kwa nini siulizi."

"Wazee, ulizaneni basi," alisema Gatera, "koo zinakauka." Shangazi akamfinya.

Bigirimana alikaa kwenye kreti polepole, kama mtu anayeumwa mgongo. Alilitazama pipa, akatazama mlango. Uani Kaze alikuwa akicheka na wenzake wakitwanga.

"Nakuomba," alisema. "Nusa uniambie."

Hakuhitaji kunusa tena. "Iko siki. Tangu mvua za masika. Kifuniko hakikushika, hewa iliingia."

"Tangu masika! Na ukanyamaza?"

"Kila asubuhi nafagia humu ndani, Baba Kaze. Kila asubuhi nangoja uniite. Ni mdomo wangu ulioacha pombe. Pua haikuacha kitu."

Gatera alicheka peke yake, akanyamaza peke yake.

Nyirarukundo aliweka sinia chini, akaanza kupita pipa kwa pipa, akifunua, akiinama, akifunika. Mumewe alimfuata nyuma. Kwenye pipa dogo la mananasi, karibu na dirisha, mkewe aliinama mara mbili. Akaliwekea mkono juu. "Hii."

"Ningekuuliza tangu mwanzo," alisema Bigirimana.

"Uliapa juu ya kuonja. Kunusa siyo kuonja."

"Mimi ndiye niliyeapa, najua nilichosema: kupima." Aliinamisha kichwa. "Kiapo kisipomkuta mwenyewe, kinamkuta mtoto."

Tulidhani atalisahau neno hilo. Jumamosi tulirudi kwenye sherehe, na kiti chake mbele ya wakwe kilikaliwa na mdogo wake Sibomana. Watu waliambiwa Bigirimana anaumwa. Divai ya mananasi ilipita mkono hadi mkono, na mzee mmoja upande wa wakwe aliuliza mara tatu nani kaitengeneza.

Mimi sijui kukaa katikati ya watu wengi. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikamkuta ghalani, mlango umerudishwa, ameketi akiosha chupa ambazo tayari zilikuwa safi. Pipa la divai nyekundu lilikuwa limepinduliwa nje, na ardhi ilikuwa bado na unyevu. Alikuwa ameupa mgongo ua. Vigelegele vilipopaa, alijua kama nilivyojua kwamba Kaze ametoka nje.

"Binti wa Bukoba," alisema bila kugeuka, "glasi zao zikoje?"

"Tupu, mzee. Wanaomba nyingine."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kusugua chupa.

"Na mtoto wangu amevaaje?"

Nilirudi hadi pembeni mwa ukuta, nikachungulia. Nikaja nikamweleza kama nilivyoweza: kitambaa chepesi rangi ya maziwa, kimefungwa bega moja, shanga kichwani, anatembea akitazama chini, mama yake amemshika kiwiko.

"Anacheka au analia?"

"Anatafuta mtu, mzee. Anatazama viti."

Aliweka chupa chini. Akaomba nimfungie mlango kwa nje, asije akatoka kumwona.