Samansi ya Shemeji

Mtaani walimwita Samansi, na wengi walipomwona tu waliingia ndani wakajifanya hawapo. Ndiyo kazi ya tarishi wa mahakama. Naye aliijua barabara: alishawavizia wenye maduka, alishamkabidhi bwana harusi hati ya kuitwa mahakamani akiwa ndani ya suti yake. Kwa askari jela utaratibu ulikuwa mmoja: hati inakwenda kwa mkuu wa gereza, naye humwita askari ofisini atie sahihi mbele yake. Haiachwi getini, wala haipelekwi nyumbani.

Safari hii aliyeshtakiwa alikuwa shemeji yake, askari jela, mume wa dada yake. Mama mmoja muuza mkaa alidai askari huyo alimvunja mwanawe mkono akiwa mahabusu. Mkono wa kulia, jamani, na kijana mwenyewe fundi cherehani!

Samansi alifika hadi geti la gereza, akasita. Amwaibishe shemeji mbele ya mkubwa wake? Dada atamtazamaje? Akageuza baiskeli, akaenda nyumbani kwa dada.

"Heh, kaka! Umekuja kutukamata?" dada akamtania.

"Mpe shemeji hii. Mwambie asikose kufika."

Kisha akarudi mahakamani kumwambia karani kwamba hati imefika. Huruma gani hiyo, ya kumwonea haya aliyevunja na kumsahau aliyevunjwa?

Siku ya kesi, wakili wa shemeji alisimama na neno moja tu: hati haikupitia kwa mkuu wa gereza. Hakimu akakubali. Muda wa kuipeleka tena ulikuwa umekwisha, na wa kufungua kesi upya nao umeshapita. Yule mama hakuelewa maneno ya kisheria. Aliambulia tu kujua kwamba kesi imekufa.

Kwenye korido shemeji alimpiga Samansi begani. "Umeniokoa, shemeji yangu. Sitakusahau."

Samansi alitamani ardhi ipasuke. Alitaka kurudi ndani aseme kosa ni lake, lakini hakimu alishaita kesi nyingine.

Mama muuza mkaa akatoka, mwanawe nyuma yake, mkono umepinda. Alipomwona Samansi akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wameninyima haki yangu, baba. Lakini wewe ulinihangaikia. Mungu akuzidishie."

Samansi akainamisha kichwa.

"Amina, mama," akasema.