Mtaro Uliopinda Kwenye Mwamba

Siku tuliyochimba mtaro wa senta tulikuwepo hawa. Mimi. Rafiki yangu mjane, ambaye mtaro ulipita kwake. Marehemu mume wake na mume wangu walikuwa watoto wa ndugu wawili, na sisi tuliolewa msimu mmoja, yeye akinitangulia kidogo tu, ndiyo sababu aliniita mdogo wake mpaka mwisho. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye shamba lake na la mjane yalikuwa yamepakana. Binti ya shangazi yangu, aliyekuwa mfanyakazi wa nyumba huko Lavington na alikuja kwa sababu ilikuwa siku yake ya kupumzika. Mzee wa kanisa, aliyetuombea kabla jembe la kwanza halijashuka. Na akina mama wengine wa kikundi, kila mmoja namjua kwa jina lake, la baba yake na la mtoto wake wa kwanza. Hayo majina siyaandiki. Wenyewe wengi wamelala, na wajukuu wao wanaishi papa hapa, wengine ndani ya vyumba ambavyo nitavitaja.

Senta yetu ilikuwa chini kidogo ya Mutuini. Ukiiita mji watu wa Nairobi watakucheka, lakini kwetu ulikuwa mji. Palikuwa na duka la sukari na mafuta taa, bucha, kinu cha kusaga unga, fundi wa viatu, na banda la soko tulilojenga sisi wenyewe kwa mabati ya kuombaomba. Hakuna aliyetutuma. Tulianza kwa kufagia, maana siku ya soko uchafu ulikuwa unafika mpaka mlango wa bucha na mbwa wanagombana miguuni mwa wateja. Baada ya kufagia tukaona choo hakuna, tukachimba. Baada ya choo tukaona banda. Ukishaanza kazi ya namna hiyo macho hayalali, kila ukipita unaona kitu.

Kitu kikubwa kilikuwa maji. Mvua ikinyesha, maji yote ya mlima yalikuwa yanashuka yanaingia sokoni. Akina mama wanaouza kabichi walikuwa wanazipanga juu ya mawe, na wanunuzi wanasimama mbali wamekunja uso, halafu wanaenda zao Kawangware. Senta ilikuwa inakufa hivyo, polepole, mteja mmoja mmoja. Njia ya kuyatoa yale maji ilikuwa moja tu: mtaro kutoka barabarani, ufuate mpaka wa mjane na shemeji yake, ukamwage mtoni.

Mjane hakungoja kuombwa. Alisimama kwenye mkutano akasema, "Nyinyi mnazunguka nini? Pitisheni kwangu. Udongo ni udongo, utarudi kuwa udongo."

Huyo mama alikuwa ameipenda ile senta kuliko sisi sote. Nafikiri mume alipokufa mapema, mapenzi yaliyobaki hakujua ayaweke wapi, akayaweka pale sokoni. Mume wake alizikwa katika shamba lile, upande wa chini, karibu na mpaka. Kila Jumapili baada ya kanisa alipalilia pale. Aliniambia mara nyingi, tukiwa tunamenya viazi, tukiwa tunateka maji, "Mdogo wangu, mimi utaniweka kando yake, mkono wa kulia. Usikubali waniweke kushoto, huko alikuwa ananikoromea." Tunacheka, lakini alikuwa anasema kweli. Hakuwa na neno lingine alilolitaka katika dunia hii.

Kabla ya kuchimba tulihitaji makalvati, yale mabomba makubwa ya saruji ya kupitisha maji chini ya njia. Tulienda mjini, mimi na yeye, kwa Kalasinga mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule chini karibu na mto. Mjane alikuwa amebeba nduma, yale magimbi yetu, ndani ya kiondo, amezipika kabisa.

Yule mzee akatuangalia juu ya miwani. "Mama, wewe nataka kalvati ya nini? Wewe najenga barabara ya serikali?"

"Serikali bado amelala," mjane akamjibu. "Sisi tunamwandalia chai."

"Na pesa iko?"

"Nduma iko."

Alicheka mpaka kilemba kikatikisika. Nyuma ya duka kulikuwa na makalvati yaliyovunjika midomo, hakuna fundi aliyeyataka. Akatupa hayo, na lori lake likayaleta mpaka senta. Mjane akakaa mbele na dereva kama bibi harusi, mimi nikakaa nyuma na makalvati.

Sasa lazima niwaeleze desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa. Kwetu tangu zamani kuna ngwatio: watu wanakusanyika kulima shamba la mmoja leo, la mwingine kesho, na mwenye shamba anawapikia. Kikundi chetu kilichukua ngwatio tukaipeleka senta. Na tulikuwa na jambo letu. Kabla ya kazi, mwenye ardhi anasimama anasema neno: tunachimba wapi, tunaishia wapi, nini kitakuwa cha nani. Akimaliza, sisi sote tunagonga majembe pamoja, chuma kwa chuma. Ukishagonga, neno limefungwa. Hatukuwa watu wa karatasi. Tulikuwa tumeona karatasi zikisema uongo katika mambo ya mashamba, lakini hatukuwa tumeona majembe yakisema uongo. Hilo ndilo tulilojivunia.

Basi siku hiyo ikafika. Mpaka wa mjane na shemeji yake ulikuwa umepandwa matoka, yale maua ya kitunguu ambayo wazee wetu walipanda kwenye mipaka. Cheti cha shamba kilikuwa bado na jina la baba mkwe, kwa hiyo ukitaka kujua la nani linaishia wapi, ulikuwa unaangalia matoka tu. Na mtaro ulitakiwa kupita pale pale.

Shemeji mtu alisimama na jembe begani. Hakuwa mtu mbaya, nataka mjue. Alikuwa wa kwanza kufika, na ndiye aliyechimba sehemu ngumu kuliko zote.

Akasema, "Shemeji, haya matoka tukiyatoa, kesho mimi na wewe tutajua mpaka kwa nini?"

"Kwa mtaro," mjane akasema. "Wewe umewahi kuona mtaro ukitembea?"

"Sijaona."

"Basi." Akapanda juu ya lundo la udongo. "Nasema mbele yenu. Kuanzia leo mpaka wangu na wa ndugu ya mume wangu ni mtaro huu. Upande ule ni wake, upande huu ni wangu, na maji ni ya senta."

Tukagonga majembe. Bado nasikia ule mlio.

Matoka tuliyang'oa, tukayaosha, na yeye mwenyewe akayapanda upya mlangoni mwa soko, mistari miwili, ili senta ipendeze. Binti ya shangazi yangu akasema, "Huko Lavington maua yana mlinzi. Haya yetu yatalindwa na nani, na mbuzi wa fundi viatu ndio hao?" Mjane akasema atamfunga fundi mwenyewe kamba.

Tulichimba vizuri mpaka mchana. Tulipokaribia chini, mitaimbo ikalia. Mwamba. Tulipiga, tukapiga, shemeji akapiga mpaka viganja vikatoka damu, mwamba haukushtuka. Upande wa shemeji kulikuwa na choo, hatungeweza kupitisha maji hapo. Upande wa mjane palikuwa wazi. Mzee wa kanisa akasema tupinde, tuuzunguke, halafu tunyooshe tena mbele.

Mjane akasema, "Pindeni. Maji hayana haraka ya kwenda mahakamani."

Tukapinda. Tulizunguka mwamba kwa upande wa mjane, tukapita kando ya kaburi la mume wake, nafikiri hatua kadhaa tu, likabaki ng'ambo ya mtaro, tukarudi tukanyoosha. Jua lilikuwa kali, binti ya shangazi alikuwa anawahi kurudi kazini kabla lango halijafungwa, chakula kilikuwa kimeiva. Tukala githeri tukicheka. Kile kipande kilichobaki kati ya mtaro na mpaka wa zamani, chenye mwamba na kaburi ndani yake, hakuna aliyekitaja. Hakuna aliyesimama tena juu ya lundo. Majembe hayakugongwa mara ya pili.

Na kwa miaka mingi haikuwa na maana yoyote. Mjane aliweka ubao juu ya mtaro, Jumapili anavuka, anapalilia, anarudi. Shemeji yake akimkuta pale wanasalimiana, wanaongea habari za ng'ombe. Mvua ilinyesha na soko likabaki kavu. Sisi tulienda kusimama pale kwenye mvua, wanawake wazima na magunia kichwani, kuangalia tu maji yakipita katika mtaro wetu.

Soko kavu likaleta wachuuzi. Wachuuzi wakaleta wateja, wateja wakaleta maduka, zahanati ya mtu binafsi ikafunguliwa, matatu zikaanza kufika mpaka chini. Watu wanaofanya kazi Karen na Lavington wakaanza kutafuta vyumba kwetu, maana huko wanakofanya kazi hawawezi kulala. Tulitaka senta ipate nguvu, ikapata. Kila mtu mwenye kipande cha ardhi akaanza kukiangalia kwa jicho lingine.

Shemeji alikuwa na vijana wakubwa ambao hawakuwa na pa kuweka mke. Katika miaka ya tisini, nyumba za kukodisha zilipokuwa zinaota kila mahali, wanawe wakapima. Walipima mpaka kwenye mtaro. Wakapima na kona ile ya mwamba na kaburi.

Mjane alikuja kwangu asubuhi, hakukaa. "Wamepiga vigingi kwa mume wangu," akasema.

Wazee wakaitisha kikao, na kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine yenye kivuli, kikao kilikuwa ndani ya banda letu la soko. Wale wazee waliopanda matoka walikuwa wamekufa wote. Tukabaki sisi wa majembe. Wakatuita mmoja mmoja.

Mwenyekiti wa kikao akaniuliza, "Mama, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Alisema mpaka ni mtaro?"

"Alisema. Lakini alisema asubuhi, na mwamba tuliukuta mchana."

"Mlipokuta mwamba alisema neno lingine?"

"Alisema pindeni."

"Mligonga majembe?"

Nilimwangalia rafiki yangu. Alikuwa ameangalia mikono yake. Nikasema hatukugonga.

Kila mmoja alisema hivyo hivyo. Binti ya shangazi alipoulizwa alikasirika, akawaambia, "Nyinyi wazee mnataka kusikia jembe au mnataka kusikia mtu? Kila mtu hapa anajua kaburi ni la nani." Mzee mmoja akamwambia, "Dada, nyinyi wenyewe ndio mlitufundisha kwamba jembe likigongwa neno limefungwa. Tulifungue hili, mangapi yatafunguka?" Na ilikuwa kweli. Banda tulimokaa, choo, njia ya kwenda kinuni, vyote vilikuwa vimekaa juu ya maneno kama hayo, ya watu waliotoa ardhi yao bure. Hapo hata binti ya shangazi akakaa chini.

Shemeji alizungumza mwisho. Alisema bila kumtazama, "Shemeji, wanangu wanalala jikoni. Kaburi sitaligusa. Lakini ardhi iliyobaki pale ni yetu kwa neno lako mwenyewe."

Mjane akasimama. Nilifikiri atalia au atatukana. Akasema, "Neno nililisema. Siwezi kulirudisha mdomoni." Akafunga leso vizuri, akaondoka. Alipita katikati ya soko, akina mama wanamsalimia, anawajibu.

Shemeji alitimiza ahadi. Kaburi hakuligusa. Vyumba vilijengwa kuzunguka, mlango unaangalia mlango, na kaburi likabaki uani katikati, limewekewa matofali pembeni. Wapangaji hawakuwa na ubaya, hawakujua. Walianika nguo. Jumapili mjane alikuwa anapiga hodi kwenye lango la mabati, anangoja afunguliwe, anapita chini ya mashuka ya watu. Siku moja niliambatana naye. Msichana mmoja mpangaji akamwambia kwa heshima, "Shosho, pole, hapo nimemwaga maji ya sabuni, utateleza." Akamjibu, "Asante mama, nitakanyaga polepole." Baada ya hapo hakwenda tena. Kikundini pia aliacha kuja. Hakutukasirikia. Nilimfuata nyumbani, ananipikia chai, tunaongea mambo yote, isipokuwa senta.

Aliugua kifua msimu wa baridi, na mwaka mwingine hakuuona. Karibu na mwisho aliniuliza kama pale uani kuna nafasi. Nilikuwa nimeshaenda kuangalia. Mkono wa kulia kulikuwa na bafu la wapangaji, kushoto kulikuwa na ukuta. Nikamwambia, "Tutaona, dada." Akafumba macho, akasema, "Usinidanganye, mdogo wangu, wewe hujui kudanganya."

Tulimzika upande huu wa mtaro, karibu tulivyoweza. Shemeji alichimba kaburi, hakumwachia kijana yeyote jembe. Akamaliza akakaa chini kwenye udongo, mzee mzima, akalia mpaka mzee wa kanisa akaacha kusoma. Mvua ilianza tukiwa bado pale. Maji ya senta yote yakaja yakapita katikati ya mjane na mume wake, vizuri kabisa, hayakuingia sokoni hata tone.

Wale tuliokuwepo siku ya mwamba tumebaki wachache sana, na kumbukumbu yangu naiamini, lakini mimi ni mzee, huenda kuna kitu kimeniponyoka. Kama uko hai na ulikuwepo, au mama yako alikuwepo akakusimulia, na unakumbuka kwamba pale kwenye mwamba kuna mtu aliyesema neno juu ya kile kipande, hata kwa sauti ndogo, hata akiwa anatafuna, basi njoo uniambie nimekosea. Nyumbani kwangu ni pale pale. Nitafurahi sana kukosea.